Mume, mke na mto Danube

Katika familia zetu nyingi mke husafiri kwa sababu ya msiba, ugonjwa au harusi ya ndugu. Ni nadra kusafiri kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Ilhali imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.), akiwa safarini, alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye Mtume alishinda, akamtania kuwa ushindi huo ni fidia ya ule wa mwanzo. Ikiwa yeye, pamoja na mzigo wa umma mzima, alipata wasaa wa kucheza na mkewe, sisi tuna udhuru gani?

Kwa waliojaaliwa uwezo, hususan ndugu zetu waishio Ulaya, leo tunapendekeza safari ya meli katika mto Danube, wenye urefu wa takriban kilomita 2,850, kutoka Ujerumani hadi Bahari Nyeusi. Meli za mtoni ni ndogo, na aghalabu hutia nanga karibu na katikati ya miji. Wawili hushuka, hutembea, kisha hurejea chumba kile kile bila kufungasha mizigo kila siku.

Nchini Austria, baina ya Melk na Krems, lipo bonde la Wachau, lenye mashamba ya mizabibu na miaprikoti, na magofu ya ngome juu ya majabali. Hapo hapana shughuli ila kukaa sitahani na kuzungumza, jambo ambalo wanandoa wengi wamelisahau. Mbele yake ni Vienna, ambako msikiti wa Kituo cha Kiislamu, uliofunguliwa mwaka 1979, hauko mbali na mto.

Budapest ilitawaliwa na Dola ya Uthmaniya kuanzia 1541 hadi 1686. Kilimani, upande wa Buda, lipo kaburi la Gül Baba, dervishi aliyefariki mwaka 1541, ambaye jina lake hufasiriwa kuwa Baba wa Mawaridi. Usiku jengo la Bunge na Daraja la Minyororo humulikwa, na nuru yake huenea majini.

Belgrade ndipo mto Sava unapoungana na Danube. Katika misikiti mingi iliyojengwa huko zama za Uthmaniya, uliosalia ukiswaliwa ni mmoja tu, Bajrakli, wa karne ya 16. Mbele zaidi, baina ya Serbia na Romania, kilikuwapo kisiwa cha Ada Kaleh, makazi ya Waislamu wa Kituruki. Kilizamishwa na maji ya bwawa la umeme mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini zulia la msikiti wake liliokolewa, na leo limo katika msikiti mkuu wa Constanța. Ndoa nayo ina vya kuokolewa kabla maji hayajapanda.

Nasaha zetu ni hizi. Ulizeni kuhusu chakula cha halali kabla ya kulipa, na ombeni meza iliyo mbali na pombe. Kibla huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama kwetu. Mwezi Juni jua la Vienna huzama karibu na saa tatu usiku. Basi fuateni ratiba ya mji mliopo, na itumieni ruhusa ya msafiri ya kukusuru na kukusanya swala.

Muhimu zaidi, msikope kwa riba ili mkapumzike. Mume asiyeweza kufika Danube bado anaweza kuzima simu baada ya Isha, akakaa na mkewe na kumsikiliza. Na aliye na uwezo asingoje uzee: mke aliyevumilia miaka ya dhiki ana haki ya kuonja ya faraja angali na nguvu za kutembea.

Wabillahi tawfiq.