Tunawalilia Mabinti Zetu Walioko Arabuni, Nani Anamlilia Yaya wa Kyambogo?



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wa Kyambogo, Banda, Kireka na Kinawataka, leo tuzungumzie suala la yaya. Wakikutana akina mama baada ya darsa au kwenye harusi, maneno ni yale yale: mayaya wa siku hizi hawana adabu, wadokozi, hawakai, leo yupo kesho katoroka na nguo za mtoto. Hatukatai kwamba wapo wa namna hiyo. Lakini mbona hatusikii swali la pili? Huyo aliyetoroka, alikuwa akiishi vipi ndani ya nyumba hiyo?

Tuanze na jambo tunalokubaliana sote. Maelfu ya mabinti wa Uganda wamekwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia, Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mwaka 2015 Uganda ilitiliana saini mkataba na Saudi Arabia, na Januari 2016 serikali yetu ikasimamisha kupeleka wafanyakazi wa ndani huko kwa sababu ya malalamiko ya mateso. Mwaka 2017 zuio likaondolewa. Tangu hapo tumeendelea kusikia habari za kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mshahara, kufanyishwa kazi usiku na mchana. Kila tukizisikia tunasema: "Hawa ni Waislamu kweli? Hawamuogopi Allah?"

Swali zuri. Sasa tuligeuze lielekee Kyambogo.

Yaya wa hapa kwetu anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Achemshe maji, apike uji, awavalishe watoto sare, awapeleke shule. Akirudi kuna nguo za kufua, nyumba ya kupiga deki, mtoto mchanga mgongoni na chakula cha mchana jikoni. Jioni wageni wanakuja, na wao wapikiwe. Saa nne usiku ndiyo anaosha sahani ya mwisho, kisha anatandika mkeka stoo. Jumamosi hivyo hivyo, Jumapili hivyo hivyo. Akiugua anaambiwa anajifanya. Simu yake inawekwa kabatini na "mama". Mshahara wake "unatunzwa" mpaka Idi, na Idi ikifika unakatwa kwa ajili ya vikombe alivyovunja.

Tunauliza, tofauti na kule ni ipi? Ni bahari tu!

Dini yetu haikuliacha jambo hili gizani. Katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewaita watumishi ndugu zetu, akaamrisha walishwe tunachokula, wavishwe tunachovaa, wasibebeshwe kazi wasiyoiweza, na wakibebeshwa wasaidiwe. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume miaka 10, akashuhudia kwamba katika miaka yote hiyo hakuambiwa hata neno la kuguna. Kati yetu nani yaya wake atamshuhudia hivyo kwa siku 10 tu?

Tena tumkumbuke Ummu Ayman (R.A.), mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume alipofiwa na mama yake. Huyu ndiye aliyekuwa yaya! Mtume alimwacha huru, akamheshimu kama mama, akawa akimzuru. Na baada ya kufariki Mtume, Abu Bakr na Umar (R.A.) walikwenda kumtembelea kwa sababu Mtume alikuwa akifanya hivyo. Viongozi wa umma wanakwenda kumjulia hali yaya mzee. Na sisi je, yaya aliyetulelea watoto miaka mitatu, tunajua yuko wapi leo?

Wapo watakaotukumbusha ile video ya Novemba 2014, ya mfanyakazi wa ndani hapa Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo, iliyonaswa na kamera aliyoiweka baba baada ya kuona mtoto ana alama mwilini. Kitendo kile ni dhulma isiyo na udhuru, na mwezi uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 4. Lakini somo ambalo wengi walilichukua lilikuwa kununua kamera. Kamera inaonyesha dhulma ikishatendeka, haileti huruma ndani ya moyo wa mtu. Ukimkabidhi mwanao kwa mtu usiyejua kwao, usiyemuuliza hali, usiyempa usingizi, unamweka mwanao hatarini kabla hujafika hata barabara ya Jinja. Kumtendea yaya wema ni wajibu, na vilevile ni ulinzi wa mtoto wako.

Liko jambo zito zaidi. Wako wanaokwenda Iganga, Mayuge au Butambala kumchukua binti wa ndugu mwenye miaka 12 kwa ahadi kwamba "atasoma Kampala". Akifika anakuwa yaya asiye na mshahara, na shule ni mwakani, na mwakani haifiki. Nyinyi wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo mliojaaliwa watoto, tunajua mzigo wenu ni mzito. Lakini msijenge shahada zenu juu ya darasa alilokatishwa mdogo wenu. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yameweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 16. Na hata kama jirani wa LC hakukuona, Allah amekuona.

Mtasema: "Sisi wenyewe mishahara haitoshi." Tunalifahamu hilo, na hatumlaumu mama kwa kutoka kutafuta riziki. Ila kama huwezi kumlipa mtu kwa kazi ya siku nzima, muite wa kufua mara mbili kwa wiki, au shirikianeni familia mbili. Na akina baba, Bi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Kuosha sahani hakupunguzi ndevu!

Basi familia zetu zishike haya:

1. Muandikiane makubaliano: kazi gani, mshahara kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi. Qur'ani imetufundisha kuandikiana madeni, na mshahara ni deni.

2. Mlipe yeye mwenyewe, kwa wakati. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha isiyonunua kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha muswada mpya Februari 2019, Rais hakuutia saini. Sheria ya nchi imelala, lakini Mtume ametuamrisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

3. Apumzike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila baada ya siku 6. Yaya naye ni mfanyakazi.

4. Awe na pa kulala penye mlango na kufuli, na baba asikae naye faragha. Sitara yake ni amana.

5. Ijue familia yake kabla hajaanza kazi, nao wajue nyumba yako. Kama ni Muislamu, mpe muda wa kusali na kusoma. Kama si Muislamu, tabia yako ndiyo daawa yake.

Ndugu zetu, katika hadithi qudsi Allah ametaja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akatumikiwa kikamilifu, kisha asimlipe ujira wake. Kabla hatujawahukumu waajiri wa Riyadh na Muscat, twende jikoni kwetu tukamuulize yule binti mara ya mwisho alilipwa lini.

Tunamuomba Allah atujaalie uadilifu majumbani mwetu, awalinde watoto wetu na wanaotulelea watoto wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.