Kosa Dogo la Mtoto na Kalamu Zetu



Sisi watumishi wa Serikali twapenda kunena habari za mishahara, uhamisho na nyumba, nayo ni haki yetu. Lakini leo naomba nafasi nilete neno lihusulo kazi ya mikono yetu wenyewe, yaani jinsi mahakama zetu ndogo zinavyotenda na watoto walioshikwa kwa makosa madogo madogo.

Barazani twasikia watu wakilalamika kwamba sheria imewadekeza watoto mno, ndiyo maana wezi wadogo wamezidi. Mimi nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi, nami naona kwamba mambo mengi huharibika kabla sheria haijapata kufanya kazi yake. Huharibika mezani petu.

Sheria yenyewe i wazi. Tangu Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937 ilijulikana kwamba mtoto hapasi kuhukumiwa kama mtu mzima. Ile ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo yasema kwamba kila asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Shauri lake husikilizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto, kwa kuulizwa kwa upole, naye mzazi au mlezi yupo na Afisa wa Ustawi wa Jamii yupo. Jaji Mkuu akitangaza, mahakama hiyo yaweza kuketi hata katika jengo la Mahakama ya Mwanzo, chini ya Hakimu Mkazi. Mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Aweza kuachiliwa kwa masharti, au kurudishwa kwao, au kukabidhiwa kwa mtu afaaye kumlea, au mzazi wake kuamriwa kulipa. Na kama hapana budi azuiliwe kabla shauri halijakwisha, yapasa atengwe na watu wazima.

Basi sikilizeni jambo nililoliona kwa macho yangu. Mji sitautaja wala mtu sitamtaja, ila nafsi yangu.

Mwaka 2017, mwezi wa Agosti, aliletwa kijana aliyeshitakiwa kuiba kuku wawili wa mama mmoja muuza chakula. Hati ya mashitaka iliandikwa umri miaka 18. Kijana alikuwa mrefu, na aliyeiandika alimpima kwa macho. Nami nikaunakili umri ule katika daftari bila kuuliza. Hakimu akasoma yaliyoandikwa, na kwa kuwa hapakuwa na mdhamini, kijana akapelekwa mahabusu pamoja na watu wazima.

Akaletwa, akarudishwa, akaletwa tena, akarudishwa, maana shahidi mmoja hakufika. Mwenye kuku naye alikuja kila siku iliyotajwa, akafunga biashara yake, akalipa nauli, wala hakupata hata unyoya. Siku ya tatu aliniambia, "Baba karani, mimi nilitaka kuku wangu tu. Mtoto huyu ana mama?"

Kumbe anaye, na alikaa kijiji cha mbali. Hakuna aliyempelekea habari. Alizisikia kwa abiria wa lori. Alifika wiki ya tano, ameshika kadi ya kliniki iliyochakaa, imefungwa katika kitambaa. Kijana alikuwa na miaka 14. Mambo yakageuka mara moja, na siku chache baadaye alikwenda zake na mama yake, na bei ya kuku ikalipwa. Lakini katika wiki zile tano wenzake walikuwa wamekwisha kufanya mtihani wa Darasa la Saba. Yeye siku hiyo alikuwa mahabusu, na sababu yake ni tarakimu mbili ambazo kalamu yangu ilizipitisha.

Watakuwapo wasemao, "Aliiba, yote ameyataka mwenyewe." Nami sisemi aachwe. Mwenye mali ana haki yake, na mtoto asiyekanywa huharibika. Lakini tazameni nani alifaidika. Mwenye kuku alipoteza zaidi ya bei ya kuku wake. Mzazi alipoteza mwaka wa shule wa mwanawe. Mtoto alikaa na watu wazima wenye makosa makubwa, na sijui mzazi awezaye kutaka mwanawe afundishwe na walimu wa namna hiyo. Mzazi angaliitwa siku ya kwanza, mali ingalilipwa, na mtoto angalionywa mbele ya mama yake na mbele ya yule aliyemkosea. Samaki mkunje angali mbichi. Nasi tulimwacha akauke.

Kwa hiyo naleta shauri langu. Kwanza, umri uulizwe kabla ya jina la kosa, na karatasi itakwe: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au barua ya mwalimu. Pale penye mashaka, karani amwambie hakimu, kwani sheria yamtaka auchunguze. Pili, mzazi atafutwe siku ile ile. Siku hizi Mtendaji wa Kijiji ana simu, na salamu moja yatosha. Tatu, taarifa ya Afisa wa Ustawi juu ya nyumbani kwa mtoto ifike mapema. Maafisa hao mara nyingi wana kata nyingi na nauli hawana. Wakubwa wa Halmashauri wasiihesabu safari hiyo kuwa anasa. Mahabusu za watoto zimo katika miji michache tu, kama vile Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Kwa hiyo mtoto wa wilaya ya mbali hana kinga nyingine ila wepesi wetu.

Mambo haya hayangoji sheria mpya wala fedha nyingi. Yangoja karani, askari, mtendaji na mwalimu, nao wote ni wasomaji wa gazeti hili. Hakimu huhukumu kwa yale tuliyomwandikia. Kila nifunguapo daftari jipya nalikumbuka lile la mwaka 2017, nami huuliza, "Mwanangu, ulizaliwa lini?"

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Masijala