Zawadi za Harusi Zisiishie Dandora

Agosti na Desemba ndiyo miezi ya harusi Nairobi, na Parklands hupata fungu lake kubwa. Kwenye Ring Road Parklands, magari huingia Oshwal Centre tangu asubuhi. Mitaa michache kutoka hapo, kwaya inatoa bwana na bibi harusi kanisani huku kamati ikihangaika na hema na wapishi. Na karibu kila sherehe ina meza moja inayofanana na nyingine zote: ile ya zawadi, iliyojaa maboksi yaliyofungwa kwa karatasi za kumetameta. Ndani mna seti ya glasi, thamosi ya tatu, sahani za melamini, blanketi la nailoni, kikaango ambacho utando wake utaanza kubanduka kabla ya mtoto wa kwanza kutembea.

Hakuna aliyekosea. Kila mgeni alijinyima akanunua. Shida ni kwamba maharusi hawakuulizwa wanahitaji nini, na nyumba ya vyumba viwili vya kukodi haina mahali pa kuweka thamosi tatu.

Jiji lina mahali pa kupeleka kisichohitajika, na mahali hapo ni Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanaendelea kumwaga taka humo, karibu na shule na nyumba za watu. Sahani ya melamini ikifika huko haina wa kuiokota kwa faida, kwa sababu plastiki ya aina hiyo haiyeyuki ikaundwa upya. Karatasi ya kumetameta nayo ina utando wa plastiki, kwa hiyo haifai kurudishwa kiwandani pamoja na karatasi za kawaida. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka kila Mkenya atenganishe taka zake nyumbani, lakini kuna vitu ambavyo hata vikitenganishwa havina pa kwenda. Dawa yake ni kutovinunua.

Ndiyo maana orodha ya zawadi inastahili kutetewa. Zawadi isiyoharibu mazingira ni ile ambayo maharusi wenyewe wameiomba, wataitumia kila wiki, na fundi anaweza kuitengeneza ikiharibika. Picha ya jani la kijani kwenye boksi haithibitishi lolote kati ya hayo.

Parklands yenyewe ina somo la zamani kuhusu jambo hili. Wakenya wenye asili ya Asia, ambao serikali iliwatambua kuwa kabila la 44 mwaka 2017, wana desturi ya chandlo: mgeni hutoa pesa ndani ya bahasha, na kiasi huishia na moja, kwa mfano shilingi 1,001 au 5,001, ile moja ikiwa ishara ya mwanzo mpya. Kadi nyingi za mwaliko husema wazi kwamba maboksi hayapokelewi. Dini ya Kijaini, ambayo wengi wa Waoshwali, wenye ile Oshwal Centre, huifuata, imeweka kutojilimbikizia mali miongoni mwa nadhiri zake kuu tano. Si kwamba harusi zao ni za kujinyima. Maua, taa na chakula humwagika kama kwingineko. Lakini katika suala la zawadi wamefika mbele.

Tena kuna vyombo vya stili. Katika familia nyingi za Kigujarati, sahani, bakuli na mitungi iliyotolewa harusini huchorwa jina kwa sindano ya umeme, nukta kwa nukta, ukingoni au kwenye kitako. Mtu akishika sahani ya namna hiyo, kidole huhisi mikwaruzo ya herufi kabla jicho halijazisoma. Wakati mwingine jina ni la bibi aliyeolewa miaka hamsini iliyopita, na sahani bado inapakuliwa wali kila Jumapili. Stili haina utando wa kubanduka. Ikianguka hubonyea, haivunjiki. Ikichakaa kabisa, chuma chakavu kina mnunuzi. Na ni nani atakayetupa chombo chenye jina la bibi yake?

Upande wa Wakenya wengine, kikwazo ni haya. Wengi huona kwamba kuandika orodha ni utovu wa adabu, eti zawadi hupokelewa kama ilivyokuja. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, ila haiafikiani na mila zenyewe. Kwenye ruracio, wazee wa Kikuyu hukaa wakataja kitu kimoja baada ya kingine: mbuzi, ng'ombe, mablanketi ya wazee, leso za kina mama, na siku hizi hata tangi la maji la mama mzazi. Hakuna anayeona aibu, kwa kuwa kila kilichotajwa kina mwenyewe na kina kazi. Kamati ya harusi nayo hugawa majukumu waziwazi: huyu gari, yule keki, mwingine hema, na namba ya paybill hutumwa kwenye kila simu. Ikiwa mjomba anaweza kuombwa hema la siku moja, anaweza pia kuombwa sufuria ya miaka thelathini.

Mahali pa kuanzia ni jikoni, maana ndiko nishati huteketea kila siku. Mapema miaka ya 1980 mafundi wa jua kali, hasa wa Shauri Moyo, walianza kuunda jiko lenye mwili wa bati na kifuko cha udongo wa kuchoma ndani, wazo lililochukuliwa kutoka jiko la ndoo la Thailand na kubadilishwa kufaa upishi wa Kenya. Lilipunguza sana makaa ikilinganishwa na jiko la bati tupu, likaenea Afrika Mashariki nzima. Leo mpishi wa makaa ana majiko bora zaidi, mengine yakiundwa hapa nchini, kama Jikokoa la kiwanda cha Burn huko Ruiru. Kwa shangazi aliyeko shambani, au kwa maharusi watakaoishi mahali umeme haujafika, jiko la namna hiyo ni zawadi ya maana kuliko seti yoyote ya glasi.

Kwa maharusi wa Parklands, Ngara au Kangemi wenye umeme, kuna kinachofaa zaidi: presha kuka ya umeme. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Kwa hiyo chungu cha maharagwe kinachoiva kwa stima hapa Nairobi huacha moshi mdogo sana, angani na kifuani mwa mpishi. Kenya Power, yenye makao makuu Stima Plaza kwenye Barabara ya Kolobot, imekuwa ikiwahimiza wateja wapike kwa umeme kupitia kampeni yake ya Pika na Power. Wengi bado wanaogopa bili. Lakini chombo hicho hufunika joto ndani, hula umeme dakika chache kisha hunyamaza, na githeri au maharagwe yaliyokuwa yakila makaa mengi huiva humo bila kusimamiwa. Bei yake si ya mtu mmoja wa kipato cha kawaida, na hapo ndipo marafiki sita wa ofisi moja wanapoweza kuchanga badala ya kila mmoja kuleta boksi lake.

Tahadhari moja inahitajika kuhusu vitu vya asili. Bakuli haliwi salama kwa mazingira kwa sababu tu ni la mbao. Kwa miaka mingi wachongaji wa Kikamba walitegemea muhugu na mpingo, miti inayokua polepole mno, mpaka misitu ikaanza kuishiwa. Katika miaka ya 1990 watafiti na mashirika ya uhifadhi waliwahimiza wahamie miti inayokua haraka na kupatikana kwa wingi, kama mwarobaini, mwembe na jakaranda, na wachongaji wa Changamwe walikuwa miongoni mwa walioitikia. Mnunuzi ana haki ya kuuliza mbao ni ya mti gani, na muuzaji anayeijua kazi yake atajibu bila kusita. Vyondo navyo viulizwe: kuna vya katani halisi kutoka Ukambani, na kuna vilivyosukwa kwa nyuzi za plastiki na kuuzwa kwa jina lilelile.

Kuhusu kufunga zawadi, jibu lipo kabatini. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, haikugusa karatasi za zawadi, lakini hakuna haja ya kungoja sheria nyingine. Leso ya pamba hufunga sufuria ikatosha na fundo likabaki, kisha bibi harusi akajifunga kesho yake. Wangari Maathai, aliyewasihi Wakenya warudie vyondo badala ya mifuko ya plastiki, alisifia pia namna Wajapani wanavyofungia vitu kwa kitambaa. Wanawake wa hapa wana kitambaa kizuri zaidi.

Miche ya miti imekuwa zawadi ya kupendwa tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Iko sawa, kwa sharti moja: awepo mtu atakayeimwagilia. Mche uliopandwa kwa ajili ya picha hufa Januari. Heri miparachichi mitatu nyumbani kwa wazazi kuliko miche mia iliyoachwa kando ya barabara.

Kabla ya msimu ujao kufika, kamati zinaweza kuanza sasa. Orodha iandikwe na maharusi wenyewe, ikae kwa mtu mmoja anayepokea simu na kufuta kilichokwisha kuchukuliwa, isiwe na jina la duka moja tu la bei ghali. Iwe na mwiko wa mwembe wa shilingi mia chache kwa mwanafunzi, na presha kuka kwa kikundi cha kuchanga. Iwe na nafasi ya vitu vilivyotumika pia. Kabati la mvule la babu, likipigwa msasa na fundi wa mtaani, linazidi chochote cha mbao za kubandika. Na mama mkubwa atakayefika na blanketi lake kutoka kijijini bila kupitia orodha yoyote, apokewe kwa mikono miwili.