Mwacheni Daktari Asome

Kuna kauli imenichosha: "Ukitaka muda wa kusoma, utaupata tu." Mara ya mwisho niliisikia kwenye kikao cha harusi hapa Dar es Salaam, mzee wetu mmoja akimwambia mdogo wangu. Mdogo wangu ni daktari, yuko mwaka wa pili akisomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake. Alikuwa amekesha zamu usiku uliotangulia, akaja kikaoni kwa heshima tu, anasinzia na sahani ya ubwabwa mapajani.

"Sisi tulisomea koroboi, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Nitajitahidi."

Mimi ndiye niliyekasirika, maana ratiba yake naijua. Saa moja asubuhi yuko kazini: kikao cha kuripoti wagonjwa wa usiku, raundi ya wodi, kliniki, chumba cha upasuaji. Siku ya zamu "analala" hospitali (neno la adabu tu hilo), na asubuhi raundi inamsubiri kama kawaida. Katikati ya hayo asome kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja, ajiandae na mitihani, aandike na tasnifu, maana bila hiyo hahitimu. Linalonichoma ni hili: kwa mfumo wetu huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ada inalipwa. Ila wodi ikipungukiwa na mtu, ghafla uanafunzi wake unasahaulika.

Najua jibu la wakubwa wake: udaktari haufundishwi maktaba, unafundishwa kitandani kwa mgonjwa. Kweli kabisa. Lakini yule mgonjwa wa asubuhi mwenye dalili usizozielewa, jioni ndipo unapaswa kwenda kumsoma. Usipofanya hivyo jioni ileile, kesho kuna wengine ishirini na yule umeshamsahau. Sasa huyo amejifunza nini hapo kitandani?

Watu wa fasihi nao hunitajia Chekhov, daktari aliyeandika. Sawa, huyo mmoja. Mdogo wangu nilimpa riwaya siku alipopata nafasi ya chuo. Tiketi ya mwendokasi aliyoiweka kuwa alama bado iko ukurasa wa 41.

Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York saa chache baada ya kulazwa. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari walio mafunzoni, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari, na hakunyamaza. Chanzo cha kifo kilibishaniwa mahakamani kwa miaka, lakini mwaka 1989 jimbo la New York lilishaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikaenea Marekani nzima. Saa 80, jamani! Sheria yetu ya kazi inataja saa 45 za kawaida kwa mfanyakazi. Mdogo wangu sijui tumhesabu wapi, kwa sababu saa zake hakuna anayezihesabu.

Ninachodai ni kidogo mno. Nusu siku kila wiki iandikwe kwenye ratiba, simu ya wodi ashike mwingine, yeye aende maktaba na asiitwe. Akitaka kusoma riwaya humo ndani, asome. Na msiniambie watu hawatoshi. Madaktari waliomaliza mafunzo ya vitendo na bado wanazunguka na bahasha za vyeti tunawajua, wengine ni majirani zetu. Waajirini.

Kikao kiliisha saa nne usiku. Garini nilimuuliza leo atasoma saa ngapi. Hakujibu, alikuwa ameshalala, kichwa kwenye kioo. Simu yake ikaanza kuita: namba ya wodi. Hakuwa zamu. Niliiacha ikate. Ilipoita mara ya pili nikamwamsha.