Zuio la Mahakama Si Hati ya Kiwanja



Ndugu wasomaji, tangu jiji la Dar es Salaam livuke Bunju na kuingia Mapinga, Kerege na Zinga, mashamba ya minazi na mikorosho waliyotuachia wazee wetu yamegeuka viwanja. Si ajabu leo familia kuamka na kukuta lori la mchanga na mafundi wakichimba msingi mahali alipolima marehemu babu yao. Hapo ndipo husikika kauli: "Twendeni tukaweke zuio." Kauli hiyo ni njema, ila wengi huitamka pasi na kujua zuio ni kitu gani, na kwa kutojua huko hupoteza haki yao.

Zuio la muda ni amri ya kusimamisha mambo yabaki kama yalivyo mpaka kesi ya msingi isikilizwe. Halisemi kiwanja ni cha nani. Hadi leo mahakama zetu hufuata mizani iliyowekwa na Mahakama Kuu mwaka 1969 katika kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe. Mwombaji huonesha mambo matatu: kwamba upo mgogoro wa kweli na anao uwezekano wa kushinda, kwamba bila zuio atapata hasara isiyofidika, na kwamba madhara atakayopata yeye akinyimwa zuio ni makubwa kuliko atakayopata mwenzake likitolewa.

Kwa mizani hiyo, ucheleweshaji ni adui. Aliyenyamaza tangu msingi hadi nyumba ikafika lenta ataulizwa alikuwa wapi, na hapo mizani humwelemea. Tena tangu mwaka 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya kupatanisha tu, na limepewa siku 30. Shauri hupitia huko kabla ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Basi aanze safari siku aliyoona jembe la kwanza.

La pili ni nani anayeomba. Mtoto wa marehemu hawezi kudai shamba la urithi kwa kuwa mtoto tu. Anayesimama kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ngapi zimekaa miaka 20 bila kufungua mirathi, zikitosheka na kikao cha ukoo? Shauri hutupwa kabla mtu hajaulizwa mpaka ulipo. Hali ni hiyo hiyo kwa viwanja vya misikiti na madrasa. Kamati ya msikiti, pamoja na mihuri yake, si mtu mbele ya sheria; wanaoweza kushitaki ni wadhamini waliosajiliwa. Kila kamati na ijiulize leo, kabla ya mgogoro, kama usajili huo ipo nao na kama wadhamini bado wako hai.

La tatu ni muda. Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inasema zuio lisizidi miezi 6, nalo huweza kuongezwa, lakini jumla isipite mwaka 1. Wako wanaobandika nakala ya amri ukutani, wakarudi nyumbani kushangilia kana kwamba wamepewa hati. Miezi inakatika, kesi ya msingi imelala, na siku moja mafundi wanarejea kihalali. Vilevile soma maneno ya amri yenyewe: iliyozuia ujenzi peke yake haikuzuia kuuza wala kuweka rehani.

Naye aliyezuiwa asijenge usiku. Kukaidi amri kunaweza kumtia mtu kifungoni na mali yake kukamatwa, hata kama kiwanja ni chake kweli.

Mwisho, zuio lisiwe silaha ya kumchosha mwenzako ambaye hana uwezo wa kulipa wakili. Katika Suratul Baqara, aya ya 188, Allah ametukataza kula mali za watu kwa batili na kuwapelekea mahakimu ili tupate kipande cha mali hizo kwa dhambi, hali ya kuwa tunajua. Hakimu huamua kwa ushahidi aliowekewa mbele yake. Kilichomo moyoni mwa mdai anakijua Mola wake.

Wabillahi tawfiiq.