BEI ZA HOSPITALI BINAFSI: UADILIFU NI KWA PANDE ZOTE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Ndugu zetu katika imani, ni misikiti michache mno nchini ambayo imamu wake hajapata kusimama baada ya sala ya Ijumaa akaomba mchango wa kumtoa mgonjwa hospitalini. Mgonjwa amekwishapona, au amekwishafariki, lakini bili haijalipwa na jamaa zake hawana tena cha kuuza. Tunatoa tulichonacho, tunamuombea dua, na Ijumaa nyingine anasimama mwingine. Hali hiyo ndiyo inayotulazimu kuzungumzia juhudi za taifa za kudhibiti gharama za matibabu katika hospitali binafsi.

Tanzania imekwishajaribu njia mbili zinazopingana. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali zinazoendeshwa kwa faida. Mwaka 1991 sheria hiyo ikarekebishwa na milango ikafunguliwa. Njia ya kwanza iliiachia serikali mzigo iliyoshindwa kuubeba. Njia ya pili ilileta hospitali nyingi, lakini kwa bei ambazo mkulima, mvuvi na machinga hawazimudu. Sasa tumo katika njia ya tatu: hospitali binafsi zinaachwa zifanye kazi, na bei inadhibitiwa kwa kupitia bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hupanga kiwango utakacholipa kwa kila huduma, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wako wanaouliza: je, kiongozi ana haki ya kumpangia bei mwenye mali? Suala hili si geni kwa wanavyuoni. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamuomba Mtume (S.A.W) awapangie, naye akakataa kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Baadhi ya watu huishia hapo. Lakini Ibn Taymiyya, na baada yake mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walifafanua kwamba kupanga bei kuna namna mbili. Ikiwa bei imepanda kwa uchache wa bidhaa na wingi wa wahitaji, bila hila ya yeyote, kumlazimisha muuzaji ni dhulma. Ama ikiwa wenye bidhaa wanaizuilia ilhali watu wana dharura nayo, basi kuwalazimisha wauze kwa thamani ya haki ni uadilifu. Na ni dharura ipi kubwa kuliko ya mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane? Huyo hana nafasi ya kuzunguka akilinganisha bei.

Kwa hiyo sisi tunaunga mkono kudhibiti bei. Lakini sharti lililowekwa na wanavyuoni hao ni thamani ya haki, na haki hiyo ni ya mnunuzi na ya muuzaji pia. Sharti hili likipuuzwa, anayeumia ni yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Tulilishuhudia hilo tarehe 1 Machi 2024, pale NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao. Hospitali binafsi kadhaa zilisema bei mpya haziwezi kukidhi gharama zake, zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko. Serikali ikatetea hesabu zake, hospitali zikatetea zao, na mwanachama aliyekatwa mshahara wake kila mwezi akabaki mlangoni na kadi yake mkononi.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, hesabu ya gharama iwekwe wazi, pande zote ziikague pamoja, na wawakilishi wa wagonjwa wawemo. Bei ipitiwe upya kwa muda maalumu, si kwa kushtukizana. Pili, Mfuko ulipe madai kwa wakati, kwani bei ya haki inayochelewa kulipwa hugeuka dhulma. Tatu, pasiwepo upande unaoruhusiwa kumkatia huduma mgonjwa aliyekwishaanza matibabu, hasa wajawazito na wanaosafishwa damu, eti kwa sababu wakubwa hawajaelewana. Nne, kila hospitali ibandike bei zake mahali mgonjwa atakapoziona kabla ya kutibiwa.

Nasi pia tujihesabu. Kuna wanaoazimana kadi za bima, na wanaokubaliana na mhudumu kuandika dawa zisizotolewa. Hiyo ni khiyana katika amana ya watu wote. Kuna na wanaongoja kuugua ndipo wajiunge. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisitishwa, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa. Baadaye usajili ulirejeshwa, lakini somo limebaki: chungu kisichotiwa na wazima hakiwezi kuwapakulia wagonjwa.

Wahenga wetu walilielewa jambo hili. Hospitali aliyoijenga Sultan Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 iliwatibu watu bila malipo kwa mapato ya wakfu, uliowekwa kabla mgonjwa hajafika. Hatuna uwezo wa sultani, lakini kila msikiti unaweza kutenga sehemu ya michango yake, tukiwa wazima, kuwalipia bima wajane, mayatima na wazee wa mtaa. Hapo ndipo imamu wetu atakaposimama Ijumaa kutukumbusha ada ya mwaka, badala ya kutuomba fedha za kukomboa maiti.

Wabillahi tawfiq.