Leso za Kale Zaishia Wapi?

Katika soko la mitumba la Muhuru Bay, huko Nyatike, Kaunti ya Migori, mwandishi wa maneno haya alinunua kitambaa cha kichwa kwa shilingi 50. Kilikuwa chini kabisa ya fungu, kimekunjamana baina ya fulana na soksi. Hariri tupu, mraba, kadiri ya wari moja kila upande. Pindo lake limeviringwa na kushonwa kwa mkono, na katika pembe moja pana sahihi ya mchoraji kwa herufi nyembamba kama miguu ya siafu. Kijana muuzaji alifurahi kukiona kinaondoka. "Chukua mzee," alisema, "hicho chateleza tu kichwani, akina mama wa hapa hawakitaki."

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaotumia mali nyingi kukusanya vitambaa vya namna hii. Nyumba ya Hermès ya Paris ilitoa cha kwanza chake mwaka 1937, kwa fikira za Robert Dumas, na tangu hapo kipimo ni kile kile, sentimita 90 kwa 90. Hariri yake huchapwa Lyon, kila rangi kwa fremu yake, na kitambaa kimoja chaweza kupitia fremu 30 au zaidi. Kipya hakipatikani kwa chini ya dola 400. Cha zamani hutafutwa kama lulu, hasa kikiwa cha mchoraji mashuhuri kama Hugo Grygkar, aliyechora kile cha hatamu za farasi cha mwaka 1957. Mkusanyaji akishika kitambaa hukigeuza kwanza atazame kama wino umepenya upande wa pili, kisha hupapasa upindo kujua kama ni wa mkono au wa cherehani, halafu ndipo atafute sahihi. Sisi wanaume hariri tumekatazwa kuivaa, lakini kuitazama hatukukatazwa, na twakiri kwamba ile ni kazi ya ustadi.

Tulikuwa wageni wa mpwa wetu, mwalimu wa shule huko Muhuru. Mwenye nyumba yake ni bibi mmoja mkongwe, Mjaluo, ambaye watoto wa mtaa mzima humwita Dani, yaani nyanya. Jioni hiyo, omena walipokuwa wamekwisha anuliwa, tulimwonyesha kitambaa chetu kwa majivuno kidogo. Alikipapasa, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Jina lake nini?"

Tukamsomea sahihi iliyo pembeni.

"Sikuulizi aliyekichora, mwanangu. Nauliza, chasema nini?"

Hatukuwa na jawabu. Naye akainuka, akaingia ndani, akarudi na bindo la leso alilolifunga kwa leso.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asistaajabu kuona leso huko ziwani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikachukua bidhaa za pwani mpaka Homa Bay, Musoma na Mwanza. Tena Waluo wengi walifanya kazi katika bandari yetu ya Kilindini, na mwanamume aliyerudi kwao likizoni bila ya leso mkononi alikuwa na maneno ya kujieleza. Ndivyo zilivyofika za Dani. Ya kwanza aliyoifungua ililetwa na marehemu mumewe kutoka Mombasa alipojifungua mtoto wake wa pili. "Wema hauozi," alituambia, kabla hatujaisoma. Kusoma hajui. Lakini kila leso aliijua jina lake, nani aliyempa, na siku aliyoivaa. Moja aliinunua mwenyewe Kisumu kwa faida ya samaki. Nyingine alipewa na mke mwenzake siku waliyopatana baada ya miaka mingi ya kununiana, na ile haikutolewa kwa neno lolote la mdomo. Leso yenyewe ndiyo iliyosema.

Kumi na moja tulizihesabu. Jozi kamili zilikuwa mbili tu. Katika zilizobaki, pacha mmoja alikuwapo na wa pili hayupo: huyu alipasuliwa nepi, huyu ametandikwa chini ya dagaa, huyu amefutiwa injini ya mtumbwi. Dani alisema hayo bila ya uchungu. Sisi ndio tulioona uchungu, na sababu tutaieleza.

Kitambaa cha Paris na leso ya Mombasa ni watu wa ukoo mmoja. Neno leso lenyewe ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkono. Wazee wetu walisimulia, na wataalamu wengi wameandika, kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa hivyo vya mraba vikiwa bado havijakatwa, wakakata vitatu vitatu, wakaviunga sita pamoja, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Kwa hiyo mbunifu wa kwanza wa leso hakuwa kiwanda. Alikuwa mwanamke mwenye mkasi na sindano, ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Na hariri pia si ngeni kwetu. Padri Monclaro, Mreno aliyepita mwambao huu katika karne ya 16, aliandika juu ya nguo za hariri za Pate ambazo Wareno walizipatia faida kubwa katika miji mingine, kwa sababu zilifumwa Pate peke yake. Leo ukimtaka mtu akuonyeshe kipande kimoja cha hariri ya Pate utangoja sana. Sifa yake tunaisoma katika maandishi ya mgeni.

Leso nayo yaelekea njia hiyo hiyo, na hapa ndipo penye hoja yetu.

Tazama leso ya zamani vizuri. Ina pindo, ina mji, ina jina. Chini ya jina, au pembeni, utakuta alama ya mwenye duka. Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambao biashara yao ni ya tangu 1887: K.H.E., Mali ya Abdulla. Majina yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi, na kwa kuyatazama hayo tu waweza kukisia umri wa nguo. Nyingine zilichapwa Uholanzi, nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka Japani, kisha zikaja za viwanda vyetu vya Afrika Mashariki kama Urafiki ya Dar es Salaam na Mwatex ya Mwanza, na sasa nyingi ni za India na China. Yote hayo yamo katika nguo yenyewe, kwa ajuaye kuitazama.

Lakini Mfaransa ametia sahihi ya mchoraji. Sisi tumetia alama ya mfanyabiashara. Hatumlaumu mfanyabiashara, maana mtaji ni wake na hasara ni yake. Ila maneno yaliyoiuza leso hakuyatoa yeye peke yake. Wanawake walikwenda dukani na methali zao, mafumbo yao na vijembe vyao, wakasema tutilie hili, na mwenye duka akaandika na kupeleka kiwandani. Mtungaji wa shairi tunamjua kwa jina na kabila lake na mji wake. Mtungaji wa jina la leso iliyovaliwa kutoka Lamu mpaka Muhuru hatumjui hata mmoja. Ushairi mzima wa wanawake umepita mgongoni mwao kwa zaidi ya miaka 100, nasi tumeufua mpaka ukapauka.

Wageni wamekuwa macho kuliko sisi. Huko Helmond, Uholanzi, kiwanda cha Vlisco kimehifadhi michoro ya leso walizochapa kwa ajili ya soko letu tangu karne ya 19. Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London lina leso zake, nalo mwaka 2013 lilizitumia katika maonyesho ya nguo za Kiafrika. Leso ile iliyotolewa mwaka 2008 ya kumpongeza Barack Obama, yenye maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu", ilivaliwa na akina mama wengi siku zile za furaha. Baada ya miaka michache tu, mkusanyaji ndiye anayeitafuta, na mvaaji ameisahau.

Mwandishi hana haki ya kumnyoshea mtu kidole. Mama yetu mzazi alipofariki aliacha kasha la leso, nyingi hazijaguswa na maji, zina harufu ya udi na karafuu. Tulifanya kama ifanyiwavyo: moja ilifunika jeneza, nyingine zikagawiwa mashangazi, majirani na waliomwosha. Mgawo ulikuwa wa haki na wa thawabu, na hatuujutii. Tunalojutia ni kwamba hapakuwa na mtu, katika watu wazima saba tuliokaa ukumbini tunajua kusoma na kuandika, aliyechukua kalamu akanakili majina yale kabla kasha halijawa tupu. Kulikuwa na kisutu cha arusi yake, chekundu, cheusi na cheupe. Kulikuwa na moja ya hati za Kiarabu aliyorithi kwa nyanya yake. Jina lake tulilisikia mara nyingi utotoni, na sasa ndugu watatu twalikumbuka kwa namna tatu.

Wako watakaosema kwamba leso ni ya kuvaliwa, na kuifungia katika kabati la kioo ni kuiua. Tunakubaliana nao zaidi ya nusu. Leso isiyobeba mtoto, isiyofunga kiuno cha mwenye kazi, isiyotolewa zawadi, ni kitambaa tu. Hatutaki akina mama wavuliwe. Tulipomuuliza Dani kama angetuuzia ile ya "Wema hauozi" alicheka, akasema kwamba mume hauzwi, na tukaona haya kwa kuuliza. Lakini alikubali tuipige picha, mpwa wetu akaandika daftarini yote aliyoyasema, na kazi hiyo yote ilichukua muda wa kunywa vikombe viwili vya chai.

Kwa hiyo tunayoyaomba si makubwa. Wenye maduka ya leso wa Mombasa, Malindi na Lamu waweke jozi moja, haijakatwa, ya kila mchoro mpya wanaoutoa, pamoja na jina la aliyeleta maneno ikiwa yuko. Makumbusho ya Fort Jesus na ya Lamu yatufungulie mlango wa kupokea leso za nyumbani pamoja na hadithi zake, maana leso bila ya hadithi yake ni sawa na kile kitambaa chetu cha shilingi 50: kizuri, kimenyamaza. Wasichana wa shule wapewe kazi ya likizo, kila mmoja aandike leso 5 za nyanya yake. Na kwa mwenye kufiwa, kabla ya kugawa, kalamu ije kwanza.

Gazeti hili litaanza. Msomaji aliye na leso ya zamani, hata kama ni kipande, na atuandikie jina lililomo, alama ya mwenye duka, nani aliivaa na siku gani. Asitume nguo yenyewe; maneno yatosha. La kwanza tumekwisha kulipata, kutoka Muhuru Bay. Na kitambaa cha hariri alibaki nacho Dani. Amekitandika juu ya redio.